Taratibu na Ukoo wa Gari Jeusi

Dereva huyu watu walimwita Taratibu, na jina hilo hakupewa kwa kejeli. Alikuwa akiingia kwenye kona kama mtu anayeingia chumba alicholala mtoto mchanga. Alitumikia gari la nyumba moja miaka thelathini na minne. Nikisema gari moja nitakuwa nimekosea kidogo, maana yalikuwa manne, ila yote ya ukoo mmoja: nembo ileile ya ndege aliyekunja mabawa juu ya boneti, rangi ileile nyeusi, na mwenye nyumba yuleyule mpaka alipokufa. Mimi nilikuwa fundi wa viti vya magari, kibanda changu mtaa wa nyuma tu. Magari yale yote manne nimeyatia mkono tumboni, ndiyo maana nayajua, na yeye nikamjua.

La kwanza pale nyumbani waliliita Babu. Lilikuwa la pembepembe, pua ndefu ya chuma kinachong'aa, taa mbili za mviringo kila upande. Ndani ya viti kulikuwa na springi na manyoya ya farasi yaliyosokotwa. Ukikaa, kiti kinakupokea, kinashusha pumzi, kisha kinatulia. Siku hizi ni sponji tupu, hata anayelala juu yake hajui amelalia nini. Asubuhi ya baridi Babu alitaka kubembelezwa. Unavuta choki, kile kishikizo cha kuongezea injini petroli ikiwa baridi, unangoja, unakanyaga mafuta mara moja. Ukikanyaga mara mbili amekwisha kuzama kwa petroli na hutoki pale. Vioo vilipandishwa kwa mkono. Usukani ulikuwa mzito, ukigeuza gari mahali pafinyu unatoka jasho kama mpakiaji wa magunia. Taratibu aliingia nyumba ile akiwa na miaka ishirini na mmoja, kazi yake kumwosha Babu. Dereva wa kabla yake alipochoka mgongo, yeye akapewa usukani, na pamoja na usukani vyumba viwili nyuma ya gereji. Vyumba vile vilikuwa vya dereva. Asiyeendesha hakai.

Mwenye nyumba wafanyakazi walimwita Tajiri, hata mbele yake, naye akicheka. Alikuwa na utaratibu wake. Siku ya kumkabidhi dereva gari aliketi naye mbele, milango wazi, akamwonyesha kimoja kimoja. Hii ya taa. Hii ya wipa. Hii niachie mwenyewe. Na kanuni yake ilikuwa fupi: usichoonyeshwa, usikiguse. Haikuwa roho mbaya. Kabla ya hapo aliwahi kuajiri mtu mwenye mikono miepesi, akachezea swichi mpaka nyaya zikaungua. Taratibu aliishika kanuni ile kama mtu anavyoshika kiapo. Kama hujamwonyesha kitufe, kwake kitufe hicho hakipo.

Baada ya miaka tisa akaja Baba. Pembe zilikuwa zimelainishwa, pua imefupishwa, ila ndege yuko palepale. Kabureta hakuna tena, unawasha na linawaka, Taratibu akaniambia alijisikia kama mtu aliyezoea kuamsha mgonjwa na leo amemkuta amekwisha kuoga. Vioo vya kubonyeza. Kipoza hewa. Kiti cha nyuma kikaja na mikanda, na mikanda ya zamani ile ilikuwa na kishikizo cha chuma kizito kama kufuli.

Tajiri alikuwa na mtoto mmoja tu wa kiume, wakati huo ana miaka saba. Wafanyakazi walimwita Bwana Mdogo, kwa utani, na utani ukageuka cheo. Siku moja dereva anamrudisha kutoka shule, mtoto nyuma amevuta mkanda wote nje anauzungusha kama kombeo.

"Bwana Mdogo, hicho chuma," Taratibu akasema, bila kugeuka.

"Wewe tazama mbele, ndiyo kazi yako!"

Chuma kikatoka nyuma kikampiga jichoni. Hakuachia usukani. Alisogea pembeni, akasimamisha, akavuta breki ya mkono, ndipo akaweka kiganja usoni na kiganja kikajaa damu. Mtoto akauachia mkanda.

"Utamwambia baba?"

"Nimwambie nini? Nimejigonga mlango wa gereji."

Na ndivyo alivyomwambia Tajiri. Daktari alishona ukope. Jicho lenyewe lilipona, likaona vizuri kabisa, ila ukope haukurudi juu. Ulibaki umeshuka nusu, kama duka linalofungwa mchana. Madereva wenzake walimwuliza kila asubuhi, "Vipi, leo mmefungua?" Naye anajibu, "Tumefungua mlango mmoja, pita huohuo."

Mwana, la tatu, lilikuja pana kama kitanda. Mbao ndani, ngozi laini ambayo sindano yangu iliiogopa, mapazia madogo nyuma, na viti vinavyojipasha moto. Sijui nani aliomba moto chini ya makalio, lakini ulikuwepo. Tajiri alikuwa ameanza kukonda, hata hivyo alikaa na dereva wake nusu siku nzima kumwonyesha.

"Humu ndani ya usukani kuna puto."

"Puto la nini, Tajiri?"

"Ukigonga, linakupiga uso, usiende kupigwa na kioo."

"Kwa hiyo kupigwa nitapigwa tu."

Tajiri alicheka mpaka akakohoa, na kile kikohozi hakikuisha. Miaka miwili Taratibu alimpeleka hospitali na kumrudisha ndani ya Mwana, mapazia yamefungwa. Mashimo ya njia ile aliyajua yote, akiyakwepa moja moja ili mgonjwa asitikisike. Tajiri alikufa Jumanne, na gari likabaki na harufu ya dawa ambayo hata mimi nilipobadilisha ngozi haikutoka.

Bwana Mdogo akawa mwenye nyumba. Alikuwa mtu mzima sasa, tumbo mbele, meno mazuri. Mwaka haukuisha, Mwana akauzwa na Mjukuu akaletwa.

Ule ulikuwa ukoo mwingine kabisa, basi tu wanachangia ndege, naye alikuwa amepunguzwa akawa mchoro mdogo. Mjukuu hakuwa na ufunguo. Milango ilijivuta na kujifunga yenyewe mwisho mwisho, kwa upole, kama inakufundisha adabu. Vitufe vyote vilikuwa vimemezwa na skrini moja pana kama sinia. Na juu ya usukani kulikuwa na kamera ndogo kama punje ya dengu, ikimtazama dereva macho. Ikiona macho yanafumba, inapiga kengele na kuchora kikombe cha kahawa kinachofuka moshi kwenye skrini, maana yake umechoka, kapumzike.

Aliyelileta gari alikuwa na saa mbili za kumfundisha dereva. Bwana Mdogo alimkatisha.

"Mwonyeshe kuwasha na kuzima. Hayo mengine, vichwa vya zamani kama hivi haviwezi."

Basi akaonyeshwa kuwasha, kuzima, na kuweka gia. Vitu vitatu.

Safari ya kwanza tu, hawajafika barabara kubwa, kengele ikalia. Taratibu akashtuka, akatazama breki, akatazama mafuta. Ikalia tena. Bwana Mdogo nyuma akaelewa kabla yake, akajipiga paja kwa kicheko.

"Mzee! Gari linasema umelala!"

"Niko macho, Bwana Mdogo."

"Usiniambie mimi, liambie lenyewe."

Naye akaliambia. Hilo ndilo lililomponza, kwamba alikuwa mtu wa heshima hata kwa bati. "Niko macho," akaiambia kamera. "Niko macho, samahani." Yule wa nyuma alikuwa anafuta machozi ya kucheka.

Kwa akili ya Taratibu, kengele ile ilikuwa amri iliyotoka kiwandani, haina wa kuipinga, si yeye wala si Bwana Mdogo. Kama kungekuwa na namna, angeonyeshwa. Hakuonyeshwa, basi hakuna. Aliniambia hivyo pale kibandani, nami nikakubali, maana mimi ninachojua cha gari kinaishia kwenye ngozi na uzi.

Mchezo ukakua. Bwana Mdogo alianza kupanda na rafiki zake makusudi wasikie. Walihesabu kwa sauti. "Moja!" Wengine wakapiga makofi. Na siku moja, mbele ya wageni, akatoa sheria: "Ikilia mara tatu kwa safari moja, Mzee anashuka, kazi imekwisha. Dereva anayelala atatuua."

Wote walijua Taratibu hakuwa akilala. Yeye ndiye aliyelibeba neno lile kwa uzito. Alikuwa na miaka hamsini na mitano. Mke wake, aliyekuwa akipiga pasi nguo za nyumba ileile, miguu ilikuwa imeanza kumvimba, na vile vyumba viwili ndivyo walivyozalia na kulelea. Alitaka kitu kimoja tu duniani: abaki na ule usukani.

Kwanza alijaribu nyusi. Alizinyanyua juu akazishikilia huko safari nzima, mpaka akaonekana mtu anayeshangazwa na kila kitu, foleni, mabango, mbuzi. Kichwa kilimuuma kuanzia asubuhi, lakini kengele ilipungua, ikalia moja, ikalia mbili, ikaishia hapo. Mimi nikampa miwani yangu ya jua. Gari lilikasirika zaidi, likalia kwamba halioni uso kabisa.

Ndipo akapata ile akili ya plasta. Alikata utepe mwembamba, akaunyanyua ukope kwa kidole, akaubandika hadi kwenye nyusi, rangi ya plasta inakaribiana na ya ngozi. Alipotoka chumbani mke wake alikuwa anamwaga maji ya kuoshea.

"Yesu wangu! Utakaa na jicho wazi kama samaki wa sokoni?"

"Nitalifunga nikirudi."

"Na vumbi?"

"Gari lina kipoza hewa, mama watoto. Vumbi linaingilia wapi?"

Siku ile kengele haikulia hata mara moja. Alikuja kibandani kwangu jioni amechangamka kama aliyepasi mtihani, akanifanya nimtazame toka huku na toka huku. "Unaiona? Hata wewe huioni." Niliiona. Nilisema siioni.

Kumbe hicho kipoza hewa ndicho kilichokuwa adui. Upepo mkavu usoni saa nane, saa tisa kwa siku, jicho halifumbi, machozi yanakauka kabla hayajafika. Wiki ya kwanza likawa jekundu. Wiki ya pili akaanza kuona taa za magari zimevaa manyoya. Mke wake alimdondoshea maji ya chumvi kila akirudi, akimgombeza.

"Twende hospitali."

"Nikienda hospitali nani ataendesha?"

"Aende kwa miguu! Ana miguu miwili mizima, mimi naipigia pasi suruali zake kila siku, naijua!"

"Taratibu, mama."

"Usiniambie taratibu. Wewe ndiye taratibu, mimi siyo."

Alicheka, na kucheka kulimuuma jicho. Hakwenda.

Upande wa nyuma wa gari, Bwana Mdogo alikuwa amechoshwa. Rafiki zake walipanda, wakangoja, hakuna kitu. "Mbona limekaa kimya? Limekuzoea?" Taratibu akajibu tu, "Tumeelewana." Jibu lile lilimkera. Mtu aliyenunua mchezo akaona mchezo umechukuliwa na mfanyakazi.

Wiki ya nne, mchana, wako barabara iliyonyooka ya maghala, Bwana Mdogo nyuma na rafiki yake mmoja, mtu mnene anayekohoa akicheka. Jua liliingilia upande wa dirisha, likagonga utepe ule ukang'aa.

"Mzee, una nini usoni?"

"Kidonda kidogo, Bwana Mdogo."

"Hebu sogeza kichwa kwenye kioo. Sogeza, nimesema." Kisha akapiga kelele ya furaha. "Njoo uone! Amejibandika kama bahasha!"

"Mtie stempu," akasema yule mnene, "umtume kwao!"

Wakacheka hao wawili, na Taratibu naye akatabasamu kidogo mbele huko, maana ndivyo mfanyakazi anavyofanya. Alidhani imeishia kwenye kicheko. Mkono wa Bwana Mdogo ukatoka nyuma ya kiti, vidole viwili vikashika ncha ya plasta, vikaivuta kwa nguvu moja. Ilitoka na nyusi. Gari lilikuwa linakwenda.

Kengele ikalia.

"Moja!"

Alinyanyua nyusi, lakini ngozi ilikuwa imechubuka na jicho linatiririka maji mpaka mdomoni. Alilishika gari katikati ya mstari wake, kwa jicho moja, hakuyumba.

"Bwana Mdogo, naomba nisimame nijifute. Sioni upande huu."

"Si ulisema mmeelewana? Mbili hiyo! Umesikia? Mbili!"

"Mwache basi," akasema yule mnene, lakini anakohoa kwa kucheka.

"Mwache nini, sheria ni sheria."

Ilichukua muda ile ya tatu. Taratibu aliniambia alihesabu nguzo za umeme ili asihesabu kitu kingine. Alifika nguzo ya kumi na nne. Ikalia.

"Tatu! Weka pembeni. Shuka."

Akaweka pembeni. Aliwasha taa ya kuashiria, akatazama kioo cha nyuma na cha ubavuni, akasimama sambamba na ukingo kama siku zote, akafungua mlango, akashuka na kusimama mikono ameikunja mbele. Bado alifikiri ataambiwa apande. Bwana Mdogo akazunguka, akakaa penye usukani. Kikombe kilikuwa bado kinawaka kwenye skrini na kengele inagongagonga. Bwana Mdogo akanyoosha kidole, akagusa skrini mara mbili, kama mtu anayempangusa mtoto kamasi. Kimya.

"Kumbe hii kengele inazimwa?" akauliza yule mnene.

"Tangu siku ya kwanza. Ningeizima, tungecheka nini?"

Mlango ulikuwa wazi. Taratibu alisimama hatua moja kutoka pale, na masikio yake hayakuwa na kasoro.

Nilimuuliza alisema nini. Alimwambia, "Gurudumu la nyuma, kulia, lina upepo mdogo." Kisha akaushika mlango, akausukuma polepole, na mwisho mwisho ukajivuta wenyewe.

Alitembea kutoka maghalani. Alifika kwangu kwanza, jua bado kali, shati limemganda, akaomba maji. Jicho lilikuwa jeupe katikati, kama limemwagiwa tone la maziwa. Mimi nina sindano za kila aina pale na sikuwa na hata moja ya kufaa. Nilimkalisha kwenye kiti cha mteja, kiti cha gari la mtu mwingine, nikatuma mtu amwite mke wake. Alikuja kwa ile miguu yake. Hakulia wala hakugomba. Alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu.

"Ulimwambia habari ya gurudumu?"

"Kuna watu wanapita njia ile, mama. Likipasuka je?"

Mke wake akainuka. Akasema, "Natamani lipasuke," akamshika mkono wakaondoka.

Walipewa siku tano kutoa vyombo. Mlinzi wa getini, aliyekula nao miaka kumi na mbili, aliagizwa apekue mizigo, akapekua. Alikunjua shuka moja moja, akazikung'uta, akasema, "Mnisamehe, natazamwa," akionyesha kamera ya juu ya geti. Mke wa Taratibu alizikunja tena zote palepale barabarani, kwa mkunjo wa pasi, pembe kwa pembe, bila haraka. Bwana Mdogo alipiga honi apishwe.

Hospitalini daktari, kijana mzuri wa maneno, alisema kidonda kimekula kioo cha jicho, na kwamba wangekuja wiki mbili nyuma lingeokolewa kwa tone la dawa. Wakaliondoa. Leseni ya udereva ikachukuliwa, haikurudi. Siku hizi wanakaa chumba kimoja karibu na kibanda changu, yeye ananisaidia kuchana sponji, kazi ambayo haihitaji sana macho. Anaifanya taratibu.

Mwezi uliopita walikuwa wanavuka barabara kwenda dukani. Mke yuko upande wa jicho zima, kosa la siku hiyo. Wanasema Kitukuu sasa ametoka, la tano katika ukoo ule, halitumii mafuta, halina mlio hata wa paka. Lilipita upande wake asioona, karibu kiasi cha kumgusa kiwiko. Mke alimvuta shati kwa nyuma mpaka vifungo viwili vikaruka, wakaanguka wote wawili ukingoni. Gari likasimama kidogo, kioo kikashuka. Mke alimwona vizuri Bwana Mdogo amekaa nyuma, na yeye aliwaona, akawatazama kama unavyotazama nguzo iliyosimikwa vibaya. Kioo kikapanda.

"Gari gani hilo?" Taratibu akauliza, bado yuko chini, anapapasa vifungo vyake. "Sikusikia kitu kabisa. Lilikuwa gari gani?"

"Sijui," akasema mke wake. "Gari tu. Inuka, mguu wangu umelaliwa."